Mwalimu wa Mafua

Siku ya soko mjini Busia ungemkuta Mwalimu wa Sayansi mbele ya mama muuza mayai, ameinua yai kuelekea jua, jicho moja limefumbwa, ametulia kama mtu anayesikiliza saa ya mkononi kama bado inatembea. Atalizungusha, atalirudisha, atachukua lingine. Mama muuza mayai alikuwa amemzoea, ila hakuwa amemsamehe.

“Mwalimu,” alimwambia siku moja nikiwa pale, “wewe unanunua yai ama unaoa?”

“Wakati wa kuoa sikuangalia hivi,” akajibu, na mkono ukaenda kwenye yai lingine.

Kichekesho ni kwamba mayai hakuyala. Kuku pia hakumla. Alikuwa akimnunulia mke wake, na alikuwa anahakikisha tu kwamba ndani hamna mtu.

Alizaliwa wapi, na ukoo wake ni upi, wapo wanaojua hayo kuliko mimi. Mimi nilimjua kupitia ukuta. Nyumba za walimu katika shule yetu zilijengwa mbilimbili kama mapacha, bati moja na ukuta mmoja katikati, na mimi, mwalimu mgeni wa Kiswahili kutoka Mumias, nikapewa nusu iliyopakana na yake. Ilikuwa miaka ya sitini, uhuru bado mpya, na tulikuwa tunaambiwa kila Jumatatu kwenye paredi kwamba nchi inawahitaji wanasayansi. Wa kwetu aliamka alfajiri na kupenga kamasi kwa sauti iliyofanya vikombe vyangu vilie kabatini. Huyu ndiye aliyekuwa akiwafundisha vijana kutumia leso kwa adabu.

Jina la Mwalimu wa Mafua walimpa wanafunzi, naye akalipokea kama cheo. Kabla ya kushika chaki alikuwa amefanya kazi ng'ambo, upande wa Uganda, katika maabara iliyochunguza virusi. Kazi yake ilikuwa mayai. Aliyapasha moto mpaka vifaranga vianze kuumbika ndani, akayatoboa tundu dogo, akatia humo virusi vya mafua, akaziba kwa nta na kungoja. Yai lenye kifaranga, alitwambia, ndilo shamba la mafua. Ukitia kirusi kwenye chupa ya mchuzi kitakaa kama punje ya mchanga. Hakili, hakikui, hakizai. Lakini kitie mahali penye seli hai, kesho utakuta kijiji.

“Kwa hivyo mafua si mdudu?” niliwahi kumuuliza, kwa maana kwetu kila ugonjwa ulikuwa na mdudu wake.

“Mdudu ana heshima zake. Mdudu anatafuta chakula, anachimba nyumba, anazaa mwenyewe. Huyu wa mafua hana jiko, hana kitanda, hana hata mkunga. Kila kitu anakuta kwako.”

Wageni tunawapa siku mbili, ya tatu jembe. Methali hiyo tunaijua wote. Yeye alikuwa na yake, ambayo aliisema kila mwaka mbele ya darasa jipya huku akipangusa vumbi la chaki kwenye suruali: “Mafua ni mgeni ambaye siku ya tatu anakupa wewe jembe.” Darasa zima lilicheka, na nadhani lilikumbuka, maana hata leo nakutana na wazee wa Matayos waliosoma pale, na mafua yakiwapiga wanasema wameshapewa jembe.

Namna yake ya kufundisha ilimchosha Hedimasta. Somo la jinsi kirusi kinavyoshika seli hakulifundishia darasani. Aliwapeleka vijana nyuma ya choo, kwenye nyasi zilizojaa kishona nguo, ile mimea ya mbegu nyeusi nyembamba zinazong'ang'ania vazi. Nusu ya darasa ilivaa soksi za sufu, nusu ilikuwa miguu mitupu. Akawaamuru wapite, warudi, kisha wahesabiane mbegu. Wa soksi walikuwa kama nungunungu, wa miguu mitupu walitoka wasafi.

“Mbegu ni zile zile,” akasema. “Basi lawama ni ya nani?”

“Ya soksi,” wakajibu.

“Kikulacho?”

“Ki nguoni mwako.”

Hapo Hedimasta akatokea kuuliza kwa nini darasa liko chooni. Alikuwa mtu wa kaptura na soksi ndefu hadi gotini, na alikatiza moja kwa moja kwenye zile nyasi. Mwalimu akamwangalia miguuni kwa furaha isiyofichika, akamwambia kwa heshima, “Asante, bwana Hedimasta. Sasa wameona mfano wa mtu mzima.”

Darasani ndipo alipoeleza maana yake. Juu ya kila seli ya koo na mapafu kuna protini zimesimama kama nyuzi za sufu, na kwenye ncha zake kuna sukari. Kirusi cha mafua hakijui mlango mwingine. Kinashika sukari ile, na seli, ambayo kila siku humeza vitu vinavyoigusa, inakimeza nacho. Kule maabara walikuwa na dawa inayokata sukari zile kwenye chembe nyekundu za damu ya kuku. Chembe ambazo hazijaguswa na dawa, ukizichanganya na virusi, zinashikana kama uji ulioiva vibaya. Zilizokatwa sukari zinakaa kila moja peke yake, virusi vinateleza. Kirusi ni kile kile. Vishikizo vya mwenyeji ndivyo vimeondoka.

Kijana mmoja wa nyuma, mkali wa hesabu, akanyoosha mkono. “Mwalimu, basi hiyo dawa tuweke kwa watu wote, tutoe hizo vishikizo. Mafua iishe.”

Nilikuwa nimekaa nyuma siku hiyo, Hedimasta alipenda tutembeleane madarasani. Nilimwona Mwalimu akifikiri kweli, si kufikiri kwa kujionyesha.

“Umeuliza kitu cha akili,” akasema. “Lakini hizo vishikizo hatukuumbiwa kwa ajili ya mafua. Seli iko na kazi yake nazo. Inajuana nazo na wenzake, inapokea nazo habari. Ukinyoa seli namna hiyo, itakuwa salama kama maiti ilivyo salama.”

Alikuwa mtu wa kupingana na nafsi yake, na hakuona haya. Wakati wa mafua alitangaza kwenye paredi kwamba watu waache kushikana mikono, kisha akishuka pale jukwaani anamshika mpishi mkono, kwa mikono yake yote miwili, akimuuliza habari za watoto. Alisema chumba kilichofungwa chenye watu wengi ndicho kitalu cha virusi. Na chumba chake kilikuwa daima kimejaa watu. Wavuvi wa Sio Port waliomletea omena wakalala, makarani wa forodha waliokosa lori la kwenda Malaba, jamaa zake wa ng'ambo ambao mpaka ulikuwa umewapita katikati ya shamba. Nilisikia vikohozi vya kila kabila kupitia ule ukuta. Nilimwambia siku moja kwamba anaishi kinyume cha somo lake.

“Hapana,” akasema, “naishi kama somo langu kabisa.”

Mtu mmoja tu hakuwahi kuingia nyumbani mwake, naye ni mama mkwe wake, mkulima wa Busibwabo. Mila ya huko Bukhayo haichezewi hapo. Mkwe na mama mkwe hawashikani mkono, hawakai chumba kimoja, hawatazamani usoni. Mwalimu aliipenda mila hii kisayansi. Alisema hakuna chanjo iliyowahi kufikia heshima ya wakwe, kwani mnapendana mkiwa mbali na hampumuliani.

Lakini wao hawakuwa wanapendana. Alipokwenda kwao mara ya kwanza kama mkwe, walimchinjia jogoo. Kwa Waluhya kuku ni neno zito. Hapewi mtu wa kupita njia. Firigisi ikawekwa mbele yake, wazee wakanyamaza wamwone akila. Naye akaomba maharagwe. Akajaribu kueleza kwamba ameona ndani ya mayai mengi mno, kwamba kila akiona kuku anakumbuka vifaranga vyake vya kule maabara, vidogo, mishipa inaonekana, ambavyo yeye mwenyewe aliviambukiza. Wazee walikula firigisi yao wakitikisa vichwa. Mama mkwe alikuwa jikoni, na sauti yake ikavuka ukuta wa udongo: “Mwanamume anaogopa kuku. Sasa simba akija, binti yangu ndiye atamfukuza?”

Maneno hayo yalimfuata mpaka sokoni.

Yakaja yale mafua makubwa ya mwishoni mwa miaka ya sitini. Tulianza kuyasikia redioni, yako mbali, Asia, kisha Ulaya, kisha ikawa kimya tukayasahau. Mwalimu hakusahau. Shule yetu ilikuwa imealika timu ya mpira kutoka shule moja ya ng'ambo, na habari zikatufikia kupitia madereva wa malori wa Malaba kwamba huko mabweni yamejaa wagonjwa. Akaenda ofisini kwa Hedimasta. Mlango ulikuwa wazi, tukasikia wote.

“Bwana Hedimasta, tuahirishe.”

“Wageni wameshaalikwa, Mwalimu. Ng'ombe iko hapo nje imefungwa.”

“Ng'ombe anaweza kungoja.”

“Na mimi nitawaambia nini? Ati msikuje, mnanuka mafua?”

Mwalimu akatoka akiwa ameshindwa, na hasira. Ungedhani siku ya mechi atajifungia. Wageni walipofika, bweni likakosa nafasi, na wachezaji waliobaki wakasimama uwanjani na magodoro yao yaliyokunjwa, mmoja wao akikohoa. Nilimtazama Mwalimu akiwatazama. Alikunja uso, akakuna kichwa, kisha akasema, “Njooni kwangu, kuna nafasi.” Nusu saa baadaye walikuwa upande wa pili wa ukuta wangu, wanacheka, wanachemsha chai, wanakohoa.

Tulishinda mechi. Wiki iliyofuata darasa la kwanza lilikuwa limelala lote. Hedimasta akaanguka na soksi zake. Mimi nilipata homa nikapona, mifupa ikiniuma kama nimelima ekari. Mwalimu alishikwa wa mwisho na alishikwa vibaya.

Alikuwa peke yake. Mke wake alikuwa amekwenda kwao Busibwabo kujifungua mtoto wao wa kwanza, na mtoto alikuwa amezaliwa salama, mchanga bado. Mke akatuma mtu kwamba anakuja kumuuguza. Mwalimu akaniita pale dirishani, macho mekundu, na akanituma nipeleke jibu kwa maneno makali: asithubutu. Mapafu ya mtoto ni mapya, kila kishikizo kiko tayari. Asikanyage hapa.

Nilipeleka. Mke alilia. Mama yake alikuwa akisafisha maharagwe kwenye ungo.

Asubuhi iliyofuata nilifungua mlango nikamkuta mama mkwe barazani kwangu, amekaa kwenye mkeka, mgongo ameuelekeza kwenye mlango wa mkwe wake. Kando yake kulikuwa na kapu, na kuku jike amefungwa miguu.

“Mwambie mkwe wangu nimefika,” akaniambia.

Baraza ilikuwa moja. Mlango wa Mwalimu ulikuwa wazi hatua chache kutoka hapo.

“Mwalimu,” nikaita, “mama amefika.”

“Mwambie mama asikaribie,” sauti ikatoka, nzito. “Hii ugonjwa inapita kwa pumzi.”

“Mama, anasema—”

“Nimesikia. Mwambie sikuja kumsalimia. Nimekuja kupika.”

“Mwalimu, mama—”

“Mwambie nashukuru. Na mwambie ile kuku, kama ni yangu, arudi nayo.”

Mama mkwe akamwangalia kuku, akaniangalia mimi. “Mwambie kuku ni wa mwalimu wa Kiswahili.”

Waliendelea hivyo hadi jua likawa kichwani, nami katikati nikirudia maneno ambayo kila mmoja ameshayasikia. Nilianza kufurahia. Hata nilimsikia Mwalimu akicheka kidogo, kicheko kilichoishia kwenye kikohozi kirefu. Baada ya kikohozi hicho hakukuwa na jibu.

“Mbona hasemi?” mama mkwe akauliza.

Niliingia. Alikuwa ameteleza kwenye mto, anavuta pumzi fupifupi kama mtu aliyepanda mlima, midomo imekuwa rangi ya majivu. Nilitoka nje, na nadhani uso wangu ulisema yote. Mama mkwe alisimama, akafunga leso kiunoni, akasimama tena kidogo mbele ya ule mlango ambao mila ilimkataza.

“Heshima ni ya watu wawili wanaopumua,” akasema, na akaingia.

Nilipokimbia kumwita dresa wa zahanati, alikuwa ameshamwinua mkwe wake, amemkalisha wima, amemwegemeza kifuani pake kama anavyoegemezwa mtoto. Niliporudi na dresa walikuwa vile vile. Dresa akasikiliza kifua, akasema mapafu yameshikwa na nimonia, akamchoma penisilini. Mwalimu akafumbua macho, na hata katika hali ile akataka kufundisha. Akanong'ona kwamba sindano haiui virusi, ni ya bakteria waliofuata nyuma baada ya mlango kufunguliwa.

“Nyamaza,” mama mkwe akamwambia. Hilo ndilo neno la kwanza aliloambiwa naye bila mtu katikati.

Jioni kulikuwa na mchuzi. Sitasema mimi sikuisikia harufu yake, na yeye pia aliisikia. Alifunga macho, akageuza kichwa. Mama mkwe akaleta kijiko mdomoni na kungoja pale.

“Kunywa. Usiangalie.”

Akanywa. Alikunywa mpaka bakuli likaisha, machozi yakimteremka, na sijui kama yalikuwa ya homa, ya vifaranga vyake, au ya kitu kingine.

Alipopata nafuu, mama mkwe alifunga kapu lake, kisha akasita, akaniuliza, “Sasa mimi pia nimebeba ugonjwa?” Nikamwambia huenda. “Basi sirudi kwa mtoto,” akasema, na akahamia chumbani kwangu. Haikupita muda homa ikampata. Mkwe wake, miguu bado inayumba, alimpikia uji kila asubuhi, akauweka mbele ya mlango wangu, akabisha na kukimbia kujificha nyuma ya nyumba. Mwanamke yule alikataa kumwona mjukuu wake wa kwanza hadi kikohozi kilipokwisha kabisa. Hakuna aliyemfundisha hilo darasani.

Wazee wa Busibwabo walisema mila imevunjwa, itengenezwe. Mwalimu akapeleka mbuzi, mama mkwe akapokea, mambo yakasawazishwa, na kuanzia siku hiyo wakarudia heshima kana kwamba hakuna kilichotokea. Nilimwona kwa macho yangu mama huyo akiingia katikati ya mahindi ya mtu, na mzigo wa kuni kichwani, kwa sababu mkwe wake anakuja na baiskeli. Mwalimu naye akashuka, akageuza uso upande wa pili, akasukuma baiskeli mpaka akapita. Hakuna aliyesema tena habari ya simba.

Kuhusu ugonjwa wake mwenyewe alisema mara moja tu, tukiwa tumekaa barazani. Alisema alikuwa amefundisha miaka mingi kwamba kirusi hakina kitu, mwenyeji ndiye hukipa kila kitu, ila hakuwa amelihisi neno hilo kifuani. “Kumbe mapafu yangu,” akasema, “hayajui kumfukuza mtu.”

Nilihamishwa muongo mpya ulipoanza. Nilikuja kupita Busia tena mambo yalipokuwa yameharibika ng'ambo, na watu wakawa wanavuka mpaka kwa miguu, walimu, madaktari, wakiwa na nguo walizovaa tu. Niliambiwa Mwalimu amejenga kwake, upande wa Bukhayo, nikaenda kumwona mchana mmoja.

Aliyenifungulia mlango alikuwa mwanamume mrefu nisiyemjua, amevaa shati lililomfupikia mikono.

“Mwenye nyumba ameenda kuteka maji,” akasema kwa Kiswahili cha Kiganda. “Wewe ni mgeni wa nani, nnyabo, mama yangu?”

“Wa huyo mwenye nyumba.”

“Sisi sote,” akasema, na akajisogeza ili nipite.

Ndani kulikuwa na familia mbili, labda tatu; magodoro yalisimamishwa ukutani, watoto wa lugha tofauti walikuwa wakigombania paka. Mke wa Mwalimu alinikumbatia huku akikoroga sufuria kubwa ya shule. Kisha Mwalimu mwenyewe akaja na ndoo, kichwa kimeota mvi, akaiweka chini na kunishika mkono kwa mikono miwili.

Yule mrefu, akanieleza, alikuwa mkubwa wake kule maabara zamani. Ndiye aliyemfundisha kutoboa yai.

“Mwambie ile kitu,” akamhimiza, kama mtoto.

Mgeni akatabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza nadhani. Alisema kwamba kabla ya kukimbia alikuwa amesoma jambo jipya. Ile protini ya kirusi cha mafua, ambayo kwayo hushika seli, hutoka ikiwa nzima, na ikiwa nzima haiwezi kukiingiza ndani. Lazima kwanza ikatwe, mahali pamoja maalumu.

“Na nani anaikata?” Mwalimu akaniuliza, macho yanang'aa.

“Virusi vyenyewe?”

“Havina kisu.” Akajipiga kifua. “Ni sisi. Kimeng'enya chetu, hapa hapa, kinafanya kazi zake za kila siku. Kinaletewa kirusi butu, kinakinoa.”

Akacheka mpaka akakohoa, mgeni akacheka, watoto wakacheka bila kujua kwa nini. Nilimuuliza kama haogopi, na watu wengi hivi, na mvua inakaribia, na kifua chake ninakijua. Akafikiri, kama alivyofikiri mbele ya darasa.

“Naogopa,” akasema.

Alinipa kiti kilichobaki. Ndani hapakuwa tena na mahali pa kukaa, kwa hiyo akachukua kikombe chake cha chai akaketi kizingitini, miguu nje, mgongo kwetu, akiitazama njia itokayo mpakani. Tulipokuwa tunazungumza mama mmoja akatokea huko chini na mtoto mgongoni, akasimama, akawa anaangalia nyumba hii na ile asijue pa kubisha. Mwalimu akaweka kikombe chini na kuinuka.